Shahidi Aliyeitwa Asilimia Moja

Usiku wa jana niliota nimeshitakiwa na mtambo wa gesi wa nyumbani kwetu, na aliyeniletea wito wa mahakama ni ndoo.

Ndoo yenyewe naijua. Ni ile ya bluu, mpini wake umefungwa kwa waya, ninayozolea mavi ya ng'ombe kila asubuhi. Ilibisha hodi, ikaingia, ikasimama kando ya kitanda changu.

"Ambakisye, mtoto wa Tusekile," ikasema, "unatakiwa ndani."

"Ndani wapi? Mbona mimi niko ndani?"

"Ndani ya mtambo. Na uvae viatu, usituaibishe."

Nikavaa. Mtu akiitwa na ndoo yake mwenyewe hana la kubisha.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndoto ilianza bila kueleza. Nyuma ya banda letu, hapa Rungwe, kuna kuba la matofali lililozikwa ardhini. Mavi yaliyokorogwa na maji yanaingilia upande mmoja, vijidudu vinayala gizani, gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni kwa mama, na tope linalobaki linatokea upande wa pili, linakwenda kwenye migomba. Fundi Mwasenga ndiye aliyelijenga. Mama akaachana na kuni, na kikohozi kikaachana na mama.

Sasa siku tisa zilizopita gesi ikafa. Ukiwasha jiko linasema "fyuu", basi. Mama karudi kwenye mafiga na moshi wake, macho mekundu, na kila akikohoa anamtaja Mwasenga. "Tapeli yule. Katujengea kaburi." Leo Jumamosi asubuhi kikundi chao cha wafugaji kilikuwa kikae uani kwetu. Akina mama wanane waliojiandikisha kujengewa walikuwa wanasubiri neno la mama. Akisema hapana, wote hapana, kuba letu linafukiwa, na Mwasenga hapati tena kazi upande huu wa mlima.

Mwasenga hana kosa lolote. Aliyelijua hilo ni mtu mmoja tu, kijana mtanashati, mwenye cheti cha kidato cha nne na alama ya D kwenye kemia. Jina lake nimeshalitaja.

Basi tunafika mtamboni. Mlangoni kuna mlinzi, bomba la inchi nne lililovaa kofia.

"Pumzi," linasema.

"Samahani?"

"Humu hewa hairuhusiwi. Acha pumzi hapa, utaichukua ukitoka."

Napuliza yote kwenye mfuko wa plastiki. Linafunga fundo, linanipa kibao chenye namba kumi na nne. Kusema kweli najisikia vizuri. Miaka ishirini napumua bila hata siku moja ya mapumziko.

Ndani ya kuba ni darasani kwetu, kidato cha tatu. Madawati mia moja. Tisini na tisa hayana mtu, juu ya kila moja kuna sweta lililokunjwa. Kwenye dawati la mwisho ameketi kiumbe mmoja, ukubwa wake kama punje ya ulezi, kajifunga kitenge, kavaa mabuti.

"Shikamoo," nasema, kwa kuwa umri wake siujui.

"Marahaba. Nina wiki tatu tangu nizaliwe, lakini marahaba. Naitwa Asilimia Moja."

"Jina zuri."

"Umenipa wewe." Anatoa chupa chini ya dawati na kusoma kilichoandikwa: "'Huua asilimia tisini na tisa ya vijidudu.'" Anairudisha chupa. "Haikudanganya."

Natazama yale masweta. Najaribu kuhesabu, nafika kumi na mbili, naacha.

Mlango unafunguliwa, anaingia hakimu. Ni ng'ombe wetu. Anaitwa Shangazi, kwa sababu anamtazama mtu kuanzia kwenye viatu kwenda juu, kama dada yake baba anavyofanya akija kututembelea.

"Shikamoo, Shangazi."

"Sijamaliza kucheua," anasema.

Tunasubiri dakika arobaini. Hakuna anayeona ajabu.

"Haya," anasema. "Ulifanya nini kwenye banda langu?"

"Mheshimiwa," naanza, maana nilikuwa katibu wa klabu ya midahalo, "suala hili tukilitazama kwa mapana yake, na tukizingatia mazingira ya kijana wa leo..."

"Imejaa!" inapiga kelele ndoo, ambayo kumbe ndiyo karani. "Kipimo humu ni ndoo kwa ndoo. Ndoo moja ya mavi, ndoo moja ya maji."

"Lakini mimi sikuleta mavi. Nimeongea tu."

Karani ananiletea ndoo ya maji, nainywa yote. Naanza tena na "kwa mujibu wa", naletewa ya pili. Ya tatu nilipewa kwa kukohoa tu kwa ufasaha. Tumbo limekuwa kama kuba lenyewe. Ndipo nikajifunza kuongea kwa kifupi, jambo ambalo walimu wangu walishindwa kunifundisha kwa miaka minne.

"Nilitaka picha," nasema.

"Picha ya nani?"

"Ya mimi. Bandani. Niweke mtandaoni, niandike 'mfugaji wa kisasa'."

"Endelea."

"Banda lilikuwa chafu. Nikalisugua kwa pakiti mbili za sabuni ya unga na chupa nzima ya ile dawa. Maji yote nikayasukumia kwenye shimo la mtambo."

"Ukayaona yakiingia?"

"Niliyaona. Yalikuwa na povu zuri. Yalinukia malimau."

Asilimia Moja anafuta kitu usoni kwa ncha ya kitenge.

"Na hiyo picha," anauliza Shangazi, "ilipendwa na wangapi?"

"Wanne, Mheshimiwa."

"Akina nani?"

"Mmoja ni muuza mawigi. Mmoja simjui. Wawili ni mimi."

Hata karani haongezi maji.

Mara paa linafunguka, na sasa tumesimama nyuma ya banda, kwenye lundo. Tangu gesi ife, mavi yote nayamwaga hapo wazi, maana kulisha mtambo uliokufa niliona ni kujichosha. Kutoka kwenye lundo kunapanda watu wembamba, weupe, kila mmoja ana mikono minne, na kila mmoja kakumbatia blanketi. Wako kwenye foleni. Wana adabu.

"Samahani kaka, naomba kupita," ananiambia mmoja.

"Ninyi ni akina nani?"

"Methani."

Mwalimu wetu wa kemia alisema methani ikipanda angani ni kama blanketi juu ya dunia. Nilidhani ni mfano. Ndiyo maana nilipata D.

"Mnakwenda wapi?"

"Juu, kutandika. Nilipangiwa jikoni kwa mama yako, nichemshe maharage. Nimekaa najiandaa. Nikaambiwa njia imefungwa, pitia lundoni."

"Na ungechemsha maharage, blanketi ungelipeleka wapi?"

"Ningeungua. Ningepanda nikiwa kaboni dioksidi, na kishuka tu begani. Hili langu moja ni zaidi ya vishuka ishirini na tano." Ananionyesha. Ni zito kweli, lina pindo. "Kwaheri. Na pole kwa joto."

Natazama juu, naona wenzake wanatandika, wanachomekea pembe vizuri kwenye kilele cha mlima. Joto linazidi. Migomba inajipepea kwa majani yake. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwona mtu wa Tukuyu, mji wetu wa baridi, amevua sweta.

Nageuka nimkimbilie hakimu, najikuta uani kwetu. Kikundi kimeshakaa. Akina mama wanane wako kwenye viti, na katikati kuna shimo, na ndani ya shimo amesimama fundi Mwasenga. Mama anamfukia kwa koleo, anakohoa. Udongo umemfika magotini. Mwasenga ameshika pimamaji lake, anaupima.

"Umelalia kushoto kidogo," anasema kwa upole. "Ongeza huku, Mama Amba."

"Tapeli," anasema mama, lakini anaongeza huko.

Mwasenga ananiona. "Kijana, wewe ndiye unayelisha mtambo. Hebu waambie kitu."

Nafungua kinywa. Nasema, "Fundi, leo umekuja kupandwa, utaota lini?" Akina mama wanacheka mpaka wanapigana mabega. Udongo unamfika kiunoni.

Naona haya, natafuta la maana, linakuja lingine: "Msisahau mbolea!" Wanacheka zaidi. Udongo, kifuani. Mwasenga naye anatabasamu, kwa adabu, kama mtu anayemcheka mtoto wa mteja.

Kichekesho cha tatu kilikuwa kizuri sana. Sikiandiki. Udongo ulimfika kidevuni, akainua pimamaji juu ya kichwa ili lisichafuke.

"Wewe," inasema sauti sikioni kwangu. Ni Asilimia Moja, kakaa kwenye ndewe ya sikio. "Mimi naweza kuzaana upya. Nipeni mavi mabichi, maji yasiyo na sabuni, na ndoo kadhaa za tope kutoka mtambo ulio hai, kama ule wa Mama Anyosisye kule juu. Mnisubiri wiki kadhaa. Lakini wakifukia, basi tena."

"Sasa nifanye nini?"

"Sema."

"Maneno mangapi? Tumbo limejaa."

"Matatu. 'Mama, ni mimi.'"

Shangazi akanyanyuka. "Hukumu," alisema. "Atasema kabla kikundi hakijanywa chai. Karani, muhuri."

"Mheshimiwa hana muhuri," ndoo ikanieleza. "Ana ulimi."

Akanilamba kuanzia taya la kushoto mpaka utosini, taratibu, kama fundi seremala anayepiga msasa. Nikakimbilia mlangoni na kibao namba kumi na nne, bomba likanipa mfuko wangu, nikafungua fundo, nikavuta. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nje viti vinaburutwa, akina mama wanasalimiana. Nikajiambia ni ndoto tu, ni makande ya jana, leo nitakaa pembeni nicheke watakapocheka. Nikatoka hivyo hivyo bila kunawa.

Mwasenga alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho. Alivaa shati lake la kanisani, limepigwa pasi, vifungo vyote mpaka shingoni. Hakuja na mfuko wa vifaa. Alikuja kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Mama akasimama. "Ndugu zangu, mtambo huu..." Kikohozi kikamkata.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

Akanigeukia. "Ni wewe nini?"

Maneno matatu hayakutosha. Asilimia Moja hamjui mama yangu. Ikabidi niseme yote, sabuni, dawa, malimau, picha, muuza mawigi. Hakuna aliyecheka, hata pale kwenye muuza mawigi, ambapo mimi nilitegemea. Nikamwambia Mwasenga, "Fundi, nisamehe." Akafungua kifungo cha shingoni, akashusha pumzi ndefu.

Mama akanijia. Nikafumba macho, nikasubiri kofi. Mkono ukaja, lakini ukatua kichwani, upande wa kushoto. Nywele zangu za upande huo zilikuwa zimesimama zote, zimelalia juu, zimekauka kama zilizopakwa uji.

Akazishika, akanusa vidole vyake. Anamkamua yule ng'ombe mwaka wa sita huu, harufu ya mate yake anaijua. Akageuka kutazama bandani, akanitazama tena mimi.

"Aa," akasema. "Kumbe hukusema kwa hiari yako."