Chemchemi ya Mama Mkwe

Weldon alikuwa hodari wa kupiga picha za eksrei, na kosa lake ni kwamba alilijua hilo. Katika hospitali ile ya misheni, juu ya kilima upande wa Kapkatet, madaktari walisema mbavu kwenye picha za Weldon hata mtoto angezihesabu. Huwezi kumsifu mtu hivyo kila wiki kisha utegemee aangalie maji yake machafu yanakwenda wapi.

Maji yenyewe yalikuwa ya chumba cha giza, ambamo picha husafishwa. Mle ndani mlikuwa na beseni la dawa ya kuitoa picha, na beseni la fiksa, dawa ya kuikaza isifutike, yenye harufu ya siki inayong'ang'ania shati hadi Jumapili. Fiksa ikichoka ilimwagwa ikaenda kwenye shimo lililojengewa. Mvua ya El Nino ilipolijaza shimo likafurika, Weldon, mtu asiyependa kusubiri, alichomoa bomba akalielekeza kwenye mtaro wa nyuma. Ilikuwa kwa muda tu. Mvua ikaisha, shimo likakauka, yeye akasahau. Mtaro ule uliteremka kando ya mashamba ya majani chai hadi bondeni, na bondeni ndiko alikoishi mama mkwe wake, Edinah, mjane mwenye ng'ombe mmoja na chemchemi.

Kwa Wakipsigis, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawazungumzi ana kwa ana. Pale kanisani wengi walikuwa wameshalegeza mambo hayo. Weldon na Edinah hawakulegeza hata kidogo. Tangu Weldon amwoe binti yake, Cheptoo, hawakuwa wameambiana neno moja. Wakikutana njiani, mmoja alipinda akaingia kwenye chai kana kwamba ameona jani la kuchuma. Na walipendana, msidhani vinginevyo. Edinah alimtumia mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu alichokisugua mwenyewe kwa mkaa, naye Weldon alimtumia sukari, na salamu zote zilipita kwa Cheptoo.

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa tisini na nane, majirani walimleta Edinah hospitalini wamembeba kwenye kiti. Mguu ulikuwa umevimba juu ya kifundo. Alikuwa ameteleza akitoka ng'ambo ya kilima na mtungi wa maji mgongoni.

Cheptoo alikuwa Sosiot kwa dada yake, na mpiga picha alikuwa Weldon peke yake. Alisimama nyuma ya ukuta wa kujikinga na miale. Mgonjwa wa eksrei hushikwa, huwekwa sawa, mguu hugeuzwa hivi na vile. Angemshikaje mama wa mke wake? Akamwita nesi Charity, msichana wa Kikuyu ambaye wazazi wake wana duka mjini Kericho.

"Charity, mwambie alale chali."

"Gogo, amesema ulale chali," Charity alisema. Gogo ni nyanya, na neno hilo alikuwa amelijua vizuri kwa miaka aliyokaa huku.

"Mwambie nimesikia," Edinah akajibu, macho darini.

"Ai, nyinyi wawili mmenifanya simu," Charity akasema, akicheka huku akigeuza ule mguu taratibu. Kisha, kwa kumsahaulisha maumivu, akauliza, "Gogo, si mko na chemchemi pale chini kwenu? Maji ya ng'ambo ya kilima ulikuwa unatafuta ya nini?"

Edinah akajibu, "Hiyo ya chini imekuwa na harufu. Kama siki. Ng'ombe alikataa, na mimi pia nikakataa."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo mvua kubwa iishe."

"Na hukuambia hospitali?"

"Ningeambia nani? Hiyo maji inatoka kwa kazi ya mtu wangu. Nikienda kwa ofisi, watu watasema mama amemshtaki mkwe wake. Na kumwambia yeye, mimi siwezi." Akavuta pumzi. "Ni kilima tu. Nimezoea."

Nyuma ya ukuta, Weldon alisikia kila neno. Maneno yalimkata maini. Hata Cheptoo hakuambiwa, maana kumwambia Cheptoo ni kumwambia mumewe. Mwanamke wa umri ule alikuwa akipanda na kushuka kilima na mtungi mgongoni, mwezi baada ya mwezi, ili mkwe wake asiaibike.

Alipiga picha akaingia nayo kwenye chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu mfupa wa Edinah ulijitokeza polepole, mwembamba, na ufa umeupitia. Hakuwahi kumtazama mama yule usoni, na sasa alikuwa amemshika mfupa mkononi. Akauingiza kwenye fiksa, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Aliposikia harufu ya siki aliegemea ukuta akalia. Alimpenda mama yule, na yeye ndiye aliyemvunja mguu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua la kufanya. Chuoni mwalimu wao aliwaonyesha: fiksa iliyotumika ina madini ya fedha kutoka kwenye filamu, na ukiipitisha polepole kwenye ndoo ya nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, madini hubaki kwenye ndoo ile. Weldon aliandika hayo, akayajibu kwenye mtihani, akapasi, yakaishia hapo.

Edinah alifungwa plasta. Siku hiyohiyo Weldon alikwenda kwa mkubwa wa hospitali akasema yote bila kujitetea. Bomba lilirudishwa shimoni. Fiksa ikaanza kupita kwenye ndoo ya nyuzi za chuma, na iliyobaki ikatiwa kwenye mapipa yenye vifuniko ili ichukuliwe na watu wa kazi hiyo. Udongo wa mtaro ulichimbwa ukaondolewa. Weldon akajifunza pia kutorudia picha ovyo, kwa sababu kila picha ya kurudia ni dawa zaidi.

Cheptoo aliporudi akasikia, hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Mama hana maji," akaendelea kukoroga ugali.

Basi kila alfajiri kabla ya kazi Weldon aliteka maji ng'ambo ya kilima, akayafunga kwenye baiskeli, akayaacha kwenye lango la Edinah, akakohoa, akaondoka. Sokoni walimcheka sana. Mwanamume mzima, tena wa hospitali, anateka maji kama bi harusi. Alijikaza kisabuni. Edinah alingoja baiskeli ipotee ndipo ajikongoje na magongo kuyachukua.

Plasta ikatolewa, mwaka ukageuka. Afisa wa afya alipima maji ya chemchemi akasema ni safi. Ng'ombe akarudi kuyanywa. Edinah hakuyagusa, wala hakumwambia mtu kwa nini, na Weldon hakumlaumu. Karatasi ya afisa si kitu kwa mtu aliyenusa siki ile mwenyewe.

Jumapili moja baada ya ibada Weldon alishuka bondeni, angali na koti la kanisani. Akapiga magoti kwenye tope, akajaza viganja, akanywa. Yalikuwa maji tu. Alipoinua kichwa alimwona Edinah ng'ambo ya chemchemi, kamba ya ng'ombe mkononi. Hapakuwa na chai ya kupinda kuingia. Weldon akainamisha uso haraka, akingoja asikie hatua zake zikiondoka.

Hazikuondoka.

"Weldon," Edinah akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayefanya jambo asilolizoea. "Kunywa polepole. Hiyo maji ni baridi."

Kiu ilikuwa imeshakwisha. Weldon akainama tena akanywa, polepole, kama alivyoambiwa.