Mtandao Unaokatika Saa ya Darasa

Mwaka huu Wubalem alijifunza kuitukana mashine. Aliitukana Jumanne, akaitukana Alhamisi, Jumamosi akaongeza, na matusi yenyewe hayakuwa ya mwalimu. Na nani angemlaumu? Kompyuta yake mpakato ilishika mtandao asubuhi, ikashika mchana, ikashika hata usiku wakati hana haja nayo. Lakini ikifika saa kumi na moja jioni, watoto wameshakaa wanamtazama, waifai inakata. Kama huo si uonevu, basi uonevu haupo duniani.

Watoto wenyewe walikuwa Stockholm. Wazazi wao waliondoka Ethiopia zamani, kisha siku moja wakashtuka kwamba wana wao hawawezi hata kumwamkia bibi kwenye simu. Bwana Lisanework, aliyekuwa akiendesha darasa kutoka hukohuko Sweden, akatafuta mwalimu wa Kiamhari aliyebaki nyumbani, ambaye ulimi wake haujachanganyika, akampata Wubalem. Shule ya Shiro Meda, hapo Addis Ababa, aliyokuwa akifundisha ilikuwa imefungwa na hakuwa na kibarua kingine. Yeye na mama yake, Yeshimebet, walikula kwa darasa hilo, wakavaa kwa darasa hilo, wakalipia kwa darasa hilo chumba na sebule ndogo katika ua wa Etiye Asnakech. Etiye ndivyo wapangaji wote walivyomwita mwenye nyumba wao, kwa heshima ya umri wake, hata siku walizomchukia.

Sasa Bwana Lisanework alikuwa ameshamwonya mara tatu. Mara ya tatu alizungumza kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua, akasema wazazi wamechoka kuona watoto wao wakitazama picha iliyoganda. Jumamosi yeye mwenyewe angeingia darasani na kukaa hadi mwisho. Likikatika tena, alisema, hatakuwa na la kuwaambia.

Msidhani Wubalem alikaa tu akingoja miujiza. Alizima akawasha. Aliiambia kompyuta isahau mtandao, akauandika upya pamoja na nywila yake. Alitazama video za vijana wanaoongea haraka utadhani wanafukuzwa, akajifunza kwamba mashine huilaza kadi ya mtandao ili ibane chaji, akaikataza isiilaze. Alisasisha kila kilichosasishika. Ikakata. Akaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko, kijana mwenye ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, naye akaifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya maiti, akasema kadi imekufa. Akabadilisha kadi. Jumanne ikakata. Akamrudishia, na palepale dukani ikashika mtandao vizuri kabisa, saa nzima, fundi akimtazama Wubalem kwa jicho la huruma.

"Dada, hapa inafanya kazi," alisema. "Labda ni wewe."

Labda ni wewe! Mtu umemlipa, kakufungulia mashine kama anachuna mbuzi, halafu labda ni wewe. Wubalem alitoka pale akiwa amekumbatia kompyuta yake kifuani, na njia nzima alikuwa akijibu yale ambayo angemjibu kama asingekuwa mtu mwenye adabu.

Akabaki na mshukiwa mmoja. Ruta ilikuwa sebuleni kwa Etiye Asnakech, imekaa juu ya kabati la vyombo vya wageni, na wapangaji wote waliivuta kutokea hapo, ingawa saa hizo za jioni wengine huwa bado hawajarudi. Sebule hiyo mtu haingii bila kuitwa. Basi siku ya kahawa, walipoitwa, Wubalem alikunywa kikombe cha kwanza akanyamaza, akanywa cha pili, akauliza kwa utaratibu kama ruta haizimwi jioni kwa bahati mbaya.

Etiye alimtazama kama aliyeambiwa ameiba sadaka. Izimwe na nani? Hapa anakaa yeye peke yake. Akachomoa simu yake, akamwonyesha: salamu za kanisani zimeingia saa kumi na moja na nusu, na za dada yake zimeingia kabla ya saa kumi na mbili. Mbona kwake inaingia? Yeye si msomi, alisema, lakini hata asiye msomi anajua kwamba kama mvua inanyesha kwa jirani na kwako hainyeshi, kosa si la mawingu. "Nunua kompyuta nyingine, mwanangu. Hiyo ni mbovu."

Wanawake waliokuwepo waliitikia kwa vichwa. Mama yake mwenyewe, Yeshimebet, aliyekuwa ameketi karibu na jebena, lile birika la udongo la kahawa, alitazama kikombe chake, akasema labda kweli vitu vya umeme navyo huzeeka. Hilo ndilo lililomuuma Wubalem kuliko yote. Hata mama!

Ingawa, kusema haki, hakuna aliyelitunza darasa lile kuliko mama. Saa ya kufundisha ikikaribia, Yeshimebet alijifunga netela yake, ile shuka nyeupe ya pamba, akasema anavuka kwa Etiye apige soga ili mwalimu apate utulivu, akafunga mlango nyuma yake. Harudi mpaka giza limeanza. Wubalem alishukuru. Tangu mama yake alipoanguka mbele ya moto mwaka jana, presha ikiwa imempanda, alikuwa amepiga marufuku kazi zote za jikoni zenye joto, hasa uokaji. Daktari ndiye aliyesema. Injera, ule mkate mpana mwembamba wa kila mlo, sasa ilinunuliwa, mama akapumzishwa, na Wubalem alijiona mtoto mwema. Mitad, lile kaango la udongo la umeme lenye upana wa ungo, haikuwa na nafasi tena kwao. Wala Etiye hakuruhusu mpangaji yeyote kuchomeka mitad katika ua wake, kwa hoja kwamba inakula umeme kama fisi.

Jumamosi ikafika. Wubalem aliweka kompyuta karibu na dirisha linalotazama nyumba ya Etiye, akaichomeka kwenye chaji, akavaa vipokea sauti vyake vikubwa masikioni, akaomba Mungu kwa sentensi fupi. Bwana Lisanework alikuwa kwenye kona ya kioo, amevaa tai, mikono ameikunja. Watoto wakaanza ha, hu, hi. Kulikuwa na msichana mmoja, Saron, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa akizichanganya herufi akicheka ili asilie. Siku hiyo Saron aliomba asome yeye. Akasoma mstari mzima, polepole, bila kosa hata moja, akainua uso kutafuta sifa yake.

Wubalem alifungua kinywa ampe. Picha ikaganda. Saron akabaki na uso wake umeinuliwa, akingoja.

Siku nyingine zote Wubalem angebaki pale akibofya na kuomba, kwa kuwa darasa linamsubiri, na akija kumaliza kubofya mtandao umesharudi. Hakuwahi kutoka kwenda kuona. Siku hiyo hasira ilimwinua. Alichomoa chaji, akaibeba kompyuta mkononi ikiwa wazi, akavuka ua, akaingia sebuleni kwa Etiye bila hodi.

Hapakuwa na mtu. Ruta ilikuwa imezima, haina hata taa moja. Chini yake lilikuwepo lile boksi la kulinda vyombo, stabilaiza, ambalo Etiye alilichomekea friji, televisheni na ruta, nalo lilikuwa limewasha taa nyekundu na mshale wake umeanguka. Wubalem alielewa papo hapo. Umeme umeshuka, boksi limejifunga, na likijifunga halifunguki mpaka zipite dakika kadhaa. Na simu ya Etiye? Ruta ikifa, simu ile inahamia kimyakimya kwenye data ya laini yake, ambayo kwao, ua ukiwa bondeni, ni dhaifu, inabeba salamu za kanisani lakini haibebi darasa la watoto. Wubalem alikuwa ameijaribu kwenye simu yake mwenyewe na picha haikusogea. Kwa hiyo kompyuta haikuwa na kosa, kadi haikuwa na kosa, na yule fundi wa ukucha Mungu amsamehe.

Taa ya sebuleni ilikuwa imefifia, rangi ya siagi kuukuu. Mwanamke yeyote wa Addis Ababa anajua taa ikiwa hivyo jioni maana yake nini. Mtu ameweka mitad.

Jamani, hasira ilimpanda Wubalem mpaka kisogoni. Etiye! Etiye anayewakataza watu mitad, yeye mwenyewe anaoka jioni ileile, kila siku ya darasa, kisha anakunywa kahawa na kumwambia mtu kompyuta yake mbovu! Alizunguka nyuma kuelekea jikoni akiwa na maneno yote tayari, yamepangwa, hayahitaji kuongezwa chumvi. Akasukuma mlango.

Etiye alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya vitunguu. Aliyeinama juu ya mitad, netela imefungwa kiunoni, uso umelowa jasho, akimwaga uji wa nafaka ya teff kwa mzunguko kutoka pembeni kuja katikati, alikuwa mama yake.

"Mama," Wubalem alisema.

Yeshimebet hakugeuka. Injera haingoji mtu. Alimaliza mzunguko wake, akafunika, akapangusa mikono, ndipo akatazama nyuma.

"Mimi nilimwambia akwambie," alisema Etiye, akiwa bado anaviangalia vitunguu.

Yakatoka yote, vipande vipande, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Tangu baada ya Pasaka Yeshimebet alikuwa akioka kwa ajili ya nyumba zote mbili. Etiye mabega yanamuuma, mitad anayo, akatoa mitad na Yeshimebet akatoa mikono. Walichagua saa ya darasa kwa makusudi, maana hiyo ndiyo saa pekee ambayo Wubalem amejifungia, amejiziba masikio, na hawezi kutoka. Injera za kwao zilitiwa kwenye mfuko wa duka la pale kona ili asijue.

"Daktari alisema nini?" Wubalem aliuliza. "Na kazi yangu, mama. Mitad hii ndiyo inayozima ruta. Miezi yote hii naonywa kama mtoto, natapeliwa na mafundi, kumbe ni wewe."

Yeshimebet aliweka kiganja mdomoni. Hakuwa akijua. Alimgeukia Etiye, na Etiye naye hakuwa akijua, ilionekana usoni mwake. Taa kufifia walizoea, boksi kujifunga hakuna aliyekuwepo sebuleni aone.

Simu ya Wubalem ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Bwana Lisanework, mfupi na wa heshima. Jumanne darasa litapokewa na mwalimu mwingine. Walimshukuru kwa bidii yake. Ombi moja tu, kama hatajali: wazazi wanauliza sababu hasa ilikuwa nini, aandike neno moja awapelekee.

"Wanasemaje?" mama yake aliuliza.

"Wamenifukuza."

Etiye aliacha kisu. Wubalem alikuwa akingoja mama yake alie, au aombe radhi, na moyoni alishaanza kuandaa namna ya kukataa hiyo radhi. Lakini uso wa Yeshimebet ulikuwa ukikaza.

"Walikuonya mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Mimi hukunionya hata mara moja." Alisema polepole, kama aliyekuwa ameyaweka maneno hayo kwa muda mrefu. "Nilitoka kanisani nikakuta mitad yangu umeshampa mnunua chakavu, naye amekuachia beseni la plastiki. Beseni, Wubalem. Nimeoka miaka hamsini. Nimemzika baba yako na kulisha matanga yake yote kwa mkono huu, nimekusomesha kwa mkono huu. Ukaja ukaniambia, mama, kaa. Nikae nifanye nini? Nikutazame ukifanya kazi?"

Wubalem alikuwa na majibu. Daktari, presha, ile siku aliyomkuta chini sakafuni na nywele zake zimeungua mbele. Yote yalikuwa kweli, na yote mama aliyajua. Machozi yalimjia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua tena aielekeze wapi, maana kila aliyekuwa akimtafuta alikuwa amesimama hapo mbele yake amelowa jasho.

Mama yake akageuka, akafunua kaango. Injera ilikuwa imeungua ukingoni. Akaitoa hivyohivyo, akachomoa plagi ya mitad kwa nguvu, taa ikarudi kuwa nyeupe.

Wubalem aliweka kompyuta juu ya gunia, akashika simu, akaanza kuandika. Aliandika kwamba haikuwa kompyuta, kwamba ilikuwa umeme wa nyumbani, kwamba mama yake. Akasimama hapo. Aliona wazazi wa Stockholm wakilisoma hilo neno, mama yake, wakipeana simu. Akafuta. Akaandika upya, akatuma, akairudisha simu mfukoni.

Yeshimebet alikuwa akimchungulia. "Umewaambia ni mimi?"

"Hapana," alisema Wubalem. "Nimewaambia kompyuta yangu ni mbovu."

Mama yake alifyonza. Alipangusa jasho kwa ncha ya netela, akaitazama ile mashine iliyokaa juu ya gunia, halafu akamtazama mwanawe, amekasirika kwelikweli.

"Kompyuta haina kosa hata kidogo," alisema. "Mbona umeisingizia?"