Matanga ya Kogo Chelagat

Kogo Chelagat alizikwa Jumanne asubuhi nyuma ya zizi la ng'ombe, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro. Waliomzika walikuwa watano. Ilikuwa mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, na mwenye shamba alikuwa amekataza wafanyakazi kukusanyika zaidi ya hapo. Nyapara Nicodemus alisimama kando kuhakikisha.

Shamba zima lilimjua, na wote walimwita Kogo, yaani bibi kwa Kikalenjin. Ndiye aliyewazalisha wanawake wa hapo, na mtu akipita mlangoni pake bila kuingia, alimtuma mjukuu wake Cheptoo amrudishe. Akina mama walisema ni aibu mtu kama huyo kuzikwa kama mpita njia. Waliyasema hayo wakiwa jikoni mwao, mlango umefungwa.

Jioni Kogo alitoka kaburini, akajikung'uta udongo, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alianza kwa Joash Wamalwa.

"Hamkuruhusiwa kuja," alisema, "kwa hivyo nimekuja mimi."

Milcah, mke wa Joash, akamsogezea stuli na kumtilia chai. Majirani watatu wakaingia, wakamlilia, wakasimulia wema wake. Kogo alisikiliza na kuwarekebisha walipokosea: mtoto aliyekuja na miguu mbele alikuwa wa Milcah, si wa dada yake. Nicodemus akachungulia, akahesabu vichwa, akasema wamezidi. Hakuna aliyebisha. Joash alitoka nyumbani kwake akakaa nje kwenye baridi hadi mgeni alipoaga.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Wangeci, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wa kupalilia mahindi. Wangeci hakulia. Alikuwa akifungasha sufuria na blanketi, kwa sababu Wakikuyu wote wa shamba walikuwa wameambiwa lori litawachukua asubuhi.

"Majirani wamesemaje?" Kogo akauliza.

"Wamesema pole."

"Wamemwambia mzungu?"

"Wameniambia mimi."

Kogo akamsaidia kukaza kamba.

Lori lilipofika, watu walisimama milangoni wakitazama. Wengi wao walikuwa na macho mekundu ya kumlilia Kogo. Wangeci akapandishwa, na Kogo akapanda nyuma yake. Askari alimwambia ashuke, hiyo ni safari ya Wakikuyu peke yao. Cheptoo akaeleza kwamba kogo wake alizikwa jana. Askari akafikiri kidogo, akasema amri haikutaja maiti, akafunga mlango wa lori.

"Kogo, utarudi lini?" Cheptoo akauliza.

"Nirudi kwa nani?"

Lori likashika barabara ya Nakuru. Kengele ya kazi ikalia. Ngano ilikuwa imeiva, na kila mtu akaenda kuvuna.

Mchana Nicodemus alimpa Joash nyumba ya Wangeci, kwa kuwa ilikuwa na dirisha. Joash alishukuru, na kufikia jioni alikuwa amehamia.