Soko la Chewa

Bibi Vasemaca alikuwa na kitendawili kimoja ambacho wajukuu zake walikijua kabla ya kujua kuhesabu. Akikuna nazi tu, huanza:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Soko langu hujaa mara moja kwa mwaka, na wachuuzi wote ni wajawazito."

"Chewa wa Babu!"

Mahali soko lilipo, hilo hawakuambiwa. Babu mwenyewe, marehemu Apakuki, alionyeshwa na baba yake, naye akamwonyesha mkewe, Vasemaca. Kila Julai chewa walikuja kutaga kwenye mlango mmoja wa mwamba wa baharini, na Apakuki alichukua wawili tu, akarudi. Siku ya kukata roho alimwambia, "Vase, hili liishie kwako."

Mwezi Mei wakaja maofisa wa samaki, wakaketi kwenye mikeka ya ukumbi, wakanywa yaqona, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni. Kisha mmoja wao, Kelera, binti mwenye sauti ya upole, akatandaza ramani. Chewa wanakwisha, alisema, na serikali inataka maoni ya wananchi. Wakijua samaki wanatagia wapi, watafunga uvuvi hapo tu. Wasipojua, watafunga mwamba mzima.

Mwamba mzima! Wanawake walitazamana. Pweza, kaa, kitoweo cha kila siku kilitoka huko.

"Muulizeni huyu bibi," akadakia Semisi, mtani wao wa kisiwa cha pili, asiyekosa mkutano wenye yaqona. "Ingawa mimi nasema marehemu alikuwa akinunua chewa mjini, anawalowesha baharini, anatudanganya!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mume wangu alivua wewe ukiwa bado unaogopa maji ya kuoga!" akajibu Vasemaca.

"Basi onyesha, bibi. Au soko ni la ndotoni?"

Alinyanyuka. Aliwafikiria pweza wa wenzake, akawafikiria chewa wenyewe, kwamba sheria itawalinda kuliko kikongwe mmoja. Akashika kalamu nyekundu, akatia duara.

"Asante sana, bibi," akasema Kelera. "Maoni tutayapokea hadi Desemba. Sheria itaanza Januari."

"Na Julai je?"

Kelera akatazama karatasi zake. "Julai... tunawaomba watu wawe waungwana."

Julai ikafika. Asubuhi moja Semisi akateremka ufukoni na kapu begani, anapiga kelele: "Bibi Vase! Nimekuibia! Nimekomba soko lako, mashua nne, nyavu zimechanika!"

Kwao mtani akichukua chako hukasiriki. Akichinja nguruwe wako, wewe unamsaidia kuwasha moto. Ukinuna, umevunja undugu wa mababu. Kijiji kizima kilitoka, kikamtazama bibi.

Vasemaca akacheka. Akacheka kwa sauti, akammwagia Semisi ndoo ya maji, watu wakapiga makofi. "Mwizi mkubwa we! Lete nikupikie!"

Akaingia jikoni na kapu, akafunga mlango. Akampasua chewa wa kwanza: mayai. Wa pili: mayai. Yalimjaa viganjani, yakamtiririka hadi viwikoni. Akaketi chini karibu na majivu, akalia bila sauti, maana nje walikuwa bado wanacheka.

Januari kibao kikasimikwa ufukoni: mlango ule umefungwa miaka kumi. Julai iliyofuata alipiga kasia mwenyewe mpaka pale, akainamisha uso majini. Mchanga na mawe tu. Alingoja mpaka maji yakageuka.

Siku moja ya mvua, yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, mjukuu wake Losalini akamchokoza. "Bibi, tega basi! Kile cha soko!"

Akatega, maana hakujua kumnyima mtoto.

"Chewa wa Babu!"

"Hapana."

"Aa, bibi! Si siku zote ni chewa?" Losalini akafikiri mpaka akachoka. "Haya, nimeshindwa. Chukua mji. Chukua Suva."

"Hautoshi."

"Chukua Lautoka. Chukua Levuka. Chukua yote, bibi, nipe jibu!"

Vasemaca akaichukua miji yote, akaendelea kukuna nazi ile ile. Nyama yake ilikuwa imekwisha zamani. Meno ya mbuzi yalikuwa yakikwaruza kifuu kitupu.