Safu ya Vumbi

Mashati kumi na moja ya watu wa ofisini yalikuwa yanamngoja Mama Pasi asubuhi hiyo. Pasi ya mkaa ilikuwa moja, na redio ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke. Mumewe alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mito miwili mgongoni na mmoja kifuani. Huu ulikuwa mwaka wa pili hajalala chali. Akijilaza pumzi inakata, kwa hiyo usingizi aliupata akiwa ameketi, kidevu juu ya mto, kama abiria wa safari ndefu asiyejua anashuka wapi.

Redioni Spika alimwita mchangiaji anayefuata. Mama Pasi alipolisikia jina la jimbo lao aliitua pasi juu ya kigae na kushika kalamu.

"Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Nampongeza Waziri kwa hotuba yake nzuri. Nawapongeza na wasaidizi wake kwa kumwandalia hotuba nzuri. Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja."

Kwenye daftari akachora kijiti kimoja. Mbele yake, katika safu ya mwisho, akaandika sifuri.

"Amesema?" mumewe akauliza.

"Amesimama tu."

"Basi amechoka. Mpelekee maji." Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wa kunyoosha kola mbili na mkono mmoja wa shati.

Lilikuwa daftari gumu la kurasa mia mbili, lililofunikwa gazeti kama la mtoto wa shule. Kila ukurasa aliupiga mistari mwenyewe kwa ukingo wa sahani ya bati. Safu ya kwanza tarehe, ya pili kijiti kila aliposimama, ya tatu alichosema, ya nne kura aliyopiga pale majina yalipoitwa. Ya tano, nyembamba, juu yake pameandikwa neno moja: Vumbi. Siku ambayo mbunge angetaja vumbi la kiwanda cha saruji angeandika moja. Miaka mitano hii safu ilikuwa imejaa sifuri kutoka juu hadi chini, nadhifu kama vifungo vya kanzu. Moja ilikuwamo mara moja tu, nayo alishaikata.

Mtaani walimwita mbunge Bwana Naunga. Jina lilitoka katika daftari hilo. Siku moja Fundi Viatu wa jirani aliazima daftari asome, akasoma kurasa sita, akalirudisha. "Huyu bwana," alisema, "hata mkewe akimwambia nyumba inaungua, ataunga mkono."

Ila kabla hajawa Bwana Naunga alikuwa mgeni wao. Wakati wa kuomba kura aliingia uani humu humu, akavua viatu bila kuambiwa, akakaa mkekani. Mzee alikuwa amefunga mifuko ya saruji miaka kumi na tisa. Barakoa kiwandani ziligawiwa siku za wageni. Wageni wakiondoka zinakusanywa, zinahesabiwa, zinafungiwa kabatini. Alipoanza kukohoa unga, kiwanda kilimpa barua ya pongezi na kofia. Mgombea alisikiliza yote hayo. Kisha aliweka sikio juu ya kifua cha Mzee, wapiga picha wakasogea, naye akabaki vile vile mpaka wote wakapata picha. "Mzee wangu, kifua hiki kinapiga filimbi," alisema. "Nitalisimamia hili bungeni hata kama nitasimama peke yangu." Mama Pasi alinunua daftari wiki ile ile. Alitaka siku hiyo isimpite.

Siku ilifika mwaka wa tatu. Mbunge alipeleka hoja kwamba maradhi ya mapafu yanayotokana na vumbi la saruji yaingizwe kwenye orodha ya magonjwa ya kazini, na kiwanda kigharamie matibabu. Aliongea dakika kumi. Alimtaja Mzee, si kwa jina, lakini alisema "mzee mmoja wa filimbi kifuani," na Mzee kwenye kiti chake akajishika kifua kana kwamba ameguswa. Waziri akajibu kwamba Serikali ni sikivu na jambo hili imelichukua. Spika akamrudia mtoa hoja. Mbunge akasimama.

"Mheshimiwa Spika, kwa majibu hayo mazuri ya Waziri, naomba kuiondoa hoja yangu."

Meza zikapigwa kwa shangwe. Mama Pasi alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akatazama chini. Pasi ilikuwa imekaa juu ya shati la mwalimu mkuu, na ilipoinuliwa iliacha alama ya kahawia yenye ncha kama jani. Mpaka leo mwalimu mkuu havui koti. Jioni ile ile mbunge alihojiwa, akasema hoja imepokelewa kwa kishindo. Mama Pasi aliandika na hilo, kisha akaikata ile moja.

Katibu wa mbunge alikuja mwezi mmoja kabla ya kampeni, kuchukua mashati yake. Alikuwa kijana wa watu, mwenye salamu ndefu. Wakati Mama Pasi akikunja, aliliona daftari juu ya redio, akalifungua kabla ya kuomba ruhusa.

"Mama, hii kazi umeifanya mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Alipitisha kidole juu ya vijiti, akihesabu kwa midomo. Nyuma ya jalada Mama Pasi alikwishajumlisha kwa wino mwekundu: Amesimama 212. Vumbi 0. Alijumlisha hivyo kwa hasira, apate kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kuinuka mara zote hizo bila kubeba kitu.

"Mia mbili na kumi na mbili," Katibu alisema taratibu. "Sisi ofisini hatuna rekodi kama hii. Mheshimiwa lazima aione."

"Aione na sifuri zake."

"Hasa hizo. Mheshimiwa anapenda kukosolewa, mama. Niazime siku tatu."

"Silitoi."

Katibu alimgeukia Mzee, akachuchumaa mbele ya kiti. "Shikamoo, baba. Unaendeleaje?"

"Marahaba," Mzee alisema, akavuta pumzi. "Naunga mkono."

Katibu alicheka kwa adabu. Kisha akamwambia Mama Pasi, bila kumtazama, akichezea ufunguo wa gari: "Hospitali ya rufaa wana wodi ya kifua. Mashine za hewa zipo. Bila barua mtu haingii. Mheshimiwa akiandika barua leo, kesho yuko ndani."

Mkaa ulipasuka ndani ya pasi.

"Usimpe," Mzee alisema Katibu alipotoka nje kupokea simu. "Daftari ndilo... jino letu. Pekee."

"Jino la kumng'atia nani, mwenzangu? Jana hukuweza kumaliza kuniita."

Alilifunga kwenye mfuko wa plastiki, juu ya mashati yaliyokunjwa, akampa.

Barua ilikuja kweli, na kwa hilo lazima asemwe vizuri. Karatasi nzito, nembo, sahihi yenye mkia mrefu: Tafadhali mpatieni mhusika ushirikiano. Fundi Viatu na mwanawe wa kiume walimbeba Mzee na kiti chake hadi kwenye gari la kubeba mchanga, na Mama Pasi akakaa nyuma akikishika kiti kisiteleze.

Karani wa mapokezi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi. Aliisoma barua mara mbili.

"Huyu ana kifua kikuu?"

"Hapana. Walishampima."

"Ana bima?"

"Hana."

"Basi labda magonjwa ya kazini." Akavuta karatasi iliyofunikwa plastiki, imechakaa pembeni, akashuka nayo kwa kidole. "Alifanya kazi wapi?"

"Saruji."

Kidole kilifika chini. Kikapanda juu, kikashuka tena, polepole zaidi.

"Vumbi la saruji halimo."

"Liliombwa liingizwe. Bungeni."

"Likaingia?"

"Liliondolewa."

"Na nani?"

Mama Pasi alitia mkono kwenye mfuko wake, kwa mazoea, mahali daftari linapokaa. Humo mlikuwa na chupa ya maji na kitambaa. Akanyoosha kidole kwenye sahihi yenye mkia. "Na huyo."

Karani aliitazama barua, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha. "Mama yangu, ingekuwa amri yangu ningemlaza hapa hapa chini ya meza. Lakini nikiandika kisichomo kwenye orodha, kesho nami simo." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Mlaze kwa kukaa. Usimpe maji baridi."

Wakarudi na kiti chao.

Mara tatu Mama Pasi alikwenda ofisini kwa mbunge kudai daftari. Mara ya kwanza Katibu alikuwa kikaoni. Mara ya pili daftari lilikuwa kwa mpiga chapa. "Mpiga chapa wa nini?" aliuliza, naye akaambiwa atafurahi mwenyewe. Mara ya tatu alipewa kadi ya mwaliko, kiti cha mbele, mkutano wa hadhara, uwanja wa shule.

Mzee aliishika ile kadi muda mrefu.

"Watakupa maiki," alisema. "Usieleze. Ukieleza watakunyang'anya. Sema... maneno mawili." Alivuta hewa. "Vumbi, sifuri. Mimi mwenyewe nayamudu kwa pumzi moja. Wewe utashindwaje?"

Wakayafanyia mazoezi, yeye akiwa kwenye kiti, mkewe kwenye meza ya pasi. Vumbi, sifuri. Mzee alimpigia makofi mawili, la tatu hakulifikisha.

Uwanjani palikuwa na turubai kwa wakubwa na jua kwa wengine. Kabla hajakaa alipewa kijitabu kinachong'aa. Kwenye jalada, mkubwa kuliko picha ya mbunge, ulikuwapo ukurasa wa daftari lake. Aliyajua maandishi yake, aliijua hata mistari ya ukingo wa sahani. Vijiti vilisimama vimefungwa vitano vitano. Chini yake: Mara 212! Wananchi Wenyewe Wamehesabu. Alitafuta safu ya mwisho. Karatasi ilikuwa imekatwa sawasawa pale ilipoanzia, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi yake.

"Yupo hapa!" mshereheshaji alikuwa akisema jukwaani. "Mama wa kawaida kabisa, dobi, kapiga pasi huku anahesabu. Simama mama, watu wakuone."

Akasimama. Watu walishangilia, walikuwa wanamjua, ndio waliompa mashati ya kupiga pasi. Mshereheshaji alimletea maiki mdomoni.

"Mama, ni wewe uliyehesabu?"

"Ndiyo, lakini vu..."

"Amesema ndiyo!" Maiki ilikwisha kuondoka. "Jamani, na mama naye anaunga mkono hoja!"

Muziki ukafunguliwa. Aliyasema maneno yake mawili, yote, kwa sauti aliyokuwa nayo. Mwanamke wa kiti cha pili alimpa maji, akidhani amepaliwa.

Mbunge alishuka jukwaani kumkumbatia. Alinukia sabuni nzuri. Kwa karibu hivyo macho yake yalikuwa yamechoka, na alimkumbuka; hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mzee wangu wa filimbi anaendeleaje? Barua yangu ilifika?"

"Ilifika. Walisema hayumo kwenye orodha."

"Orodha nayo," mbunge alisema, akitikisa kichwa kama mtu anayelalamikia mvua. "Nitalisimamia, mama."

"Daftari langu."

"Katibu," alisema, naye akawa ameshageuka. Katibu akasema baada ya uchaguzi.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Mzee alikuwa macho. Alikuwa amekisogeza kiti mwenyewe, hatua mbili, hadi penye ukuta ambako upepo wa dirisha unafika, na kazi hiyo ilikuwa imemwacha na midomo ya rangi ya jivu.

"Umesema?"

Mama Pasi alivua viatu. Aliweka kijitabu juu ya meza, pembeni ya pasi iliyopoa.

"Nimesimama tu."

Mzee hakucheka. Aliomba kijitabu kwa mkono, akalitazama jalada, akapitisha ukucha pale karatasi ilipokatwa. Kisha akanyoosha mkono kwenye pasi, akafungua kifuniko, akachokora ndani na kutoa kipande cha mkaa.

Ukutani, juu kidogo ya bega lake, alichora kijiti. Akapumua. Kando ya kijiti akaanza sifuri, akaipandisha, akaizungusha, ikafika nusu, na kikohozi kikamkamata mkono ukiwa bado juu. Mkewe alikimbia kumshika mgongo. Alikohoa muda mrefu, kichwa kwenye mto, mkaa umegandamizwa ukutani pale pale unasagika, na unga wake mweusi ukawa unamwangukia kifuani.