Viti Viwili vya Mapokezi

Mapacha wale waliajiriwa kukaa tu, basi. Kwenye mapokezi ya daktari wa sindano za kujaza uso kulikuwa na viti viwili. Cha kushoto alikaa Kabla, cha kulia pacha wake, Baada. Majina hayo aliwabandika daktari mwenyewe, nayo yakawaganda. Mteja akiingia anasitasita, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, na mkono wenyewe unafungua pochi.

Baada alichomwa bure kila mkunjo ulipothubutu kurudi. Kabla alikatazwa hata kupaka mafuta usoni. Roho ilimuuma, tusifichane. Wametoka tumbo moja, iweje wateja wamwite mmoja dada na mwingine bibi?

"Daktari, na mimi nichome kidogo tu," alibembeleza. "Hapa chini ya macho."

"Wewe tena? Nikikuchoma, nani atabaki kuwa Kabla? Unataka nifunge duka?"

Siku moja akaingia mama mmoja aliyekuwa anamwoza bintiye. Akawatazama mapacha weee, kisha akamnyooshea Kabla kidole. "Nataka niwe kama huyu."

Daktari akacheka. "Mama, huyo ndiye hajachomwa."

"Nimeelewa, baba. Lakini huyu nikimtazama najua anawaza nini. Huyo mwenzake sijui kanuna, sijui kashiba." Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Wateja wengine wawili walikuwa wamesikia, nao wakaondoka. Mwingine angeona haya. Daktari, wapi! Kesho yake alitangaza sindano mpya, za kuyeyusha zile za zamani, akawabadilisha mapacha viti.

Basi Kabla akakaa kulia, kwenye kiti alichokililia miaka yote, bila kuchomwa hata tone. Akakunja nne, akajishaua kidogo, akageuka amtambie pacha wake kama walivyozoea tangu utotoni.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Baada juu ya yale mashavu yaliyojaa, na uso umetulia tuli, kama vile anayelia ni mtu mwingine.

Kabla akashusha mguu. "Una uchungu, au umenikasirikia?"

Hakuwahi kumuuliza swali kama hilo tangu wazaliwe. Alikuwa akimtupia jicho tu, anajua.

"Si nakuonyesha," alisema Baada. "Huoni?"