Makapi ya Sauti

Mama Ungo aliinamisha chungu taratibu, na sauti ya mwindaji ikamwagika juu ya ungo kwa mchakacho kama wa mtama mkavu. Mwindaji mwenyewe alikuwa bado amesimama upande wa pili wa dirisha, viwiko juu ya kaunta, meno yote nje. Mtu wa miraba minne, shingoni amevaa kucha za mazimwi aliyoyaua huko majivuni, na anacheka kama aliyetoka harusini.

"Nipepetee vizuri, mama," alisema. "Nimemwambia mke wangu nakuja na nyama, anoe kisu."

"Utapepetewa. Ondoa viwiko, unanizibia mwanga."

Akarusha ungo. Maneno yalipanda kidogo yakarudi pale pale, punje nzito zenye kung'aa: nakuja, nyama, kisu. Makapi yakapaa, yakaelea, yakatua mkekani. Akarusha tena, yakazidi. Mtu mwenye kicheko chote kile, na makapi yake yalikuwa rundo: pumzi zilizokatika katikati, kwikwi iliyomezwa ikarudi juu, mguno wa mtu anayejisemesha kimoyomoyo. Mama Ungo hakuinua uso. Kazi hii ilimfundisha kutomtazama mtu machoni baada ya kupepeta sauti yake. Ni kama kumfungulia mlango anaoga.

"Msafara wenu unaondoka lini?" aliuliza, macho kwenye ungo.

"Leo, jua likianza kushuka. Ndio wa mwisho. Tufani ya majivu ikianza, hata zimwi halitoki nje." Mwindaji akashusha sauti. "Punda wa mwisho hana mzigo. Bado unataka kwenda kumwona binti yako?"

"Nangoja neno lake."

"Ngoja upesi, basi."

Ndivyo Kampuni ya Jiwe ilivyofanya kazi tangu Siku ya Majivu, nyaya zilipokufa na minara ikalala chini. Mtu anasema chunguni, mpepetaji anapepeta, maneno yanamwagwa juu ya jiwe la bluu katikati ya ukumbi, na jiwe linayanyonya na kuyatema ng'ambo ya nchi ya majivu, kwenye jiwe mwenzake. Makapi yanafagiwa, yanatiwa guniani, gunia linapigwa fundo la Kampuni. Sababu waliambiwa siku ya kuapishwa: jiwe halibebi kilio. Likipitishiwa kikohozi litaingia ufa. Likipitishiwa kwikwi litapasuka, na mji mzima utakuwa bubu. Kwa hiyo makapi yalikuwa ya tanuri, na joto la tanuri ndilo lililolifanya jiwe lifanye kazi. Ya hapa yalipelekwa ng'ambo na misafara, ya ng'ambo yakaletwa hapa, ili mtu asije akasikia kilio cha jirani yake kikiungua. Zamani Mama Ungo aliona hilo ni jambo la heshima.

Na kweli makapi ya sauti hayana kelele. Yamelala kimya kama pumba yoyote, mpaka yapate joto: la moto, au la kiganja tu. Ndiyo maana wapepetaji walitumia ufagio, hawakushika. Mama Ungo aliapa kwa jina la Mungu kwamba hatayashika na hatafungua fundo, na kwa miaka yote ya ujane wake hakuwahi kufanya hivyo.

Kabla ya adhuhuri jiwe liliguna, likaleta ujumbe wake. Wafanyakazi waliruhusiwa kuzungumza na jamaa zao mara moja kwa wiki. Aliukinga kwenye chungu, akaenda nacho pembeni karibu na ukuta, akakiweka sikioni.

"Shikamoo, mama. Mimi mzima. Mume wangu mzima. Tunakula, tunalala. Usije, mama, njia ni mbaya. Msalimie baba mdogo."

Basi. Maneno yale yale ya wiki iliyopita, na ya wiki iliyotangulia, safi kama mchele wa mgonjwa. Hapakuwa na pumzi baina ya neno na neno. Mama Ungo alikaa na chungu mapajani. Binti yake hakuwahi kuzungumza hivyo tangu ajue kusema. Alikuwa mtoto wa kuvutavuta kamasi, wa kucheka katikati ya sentensi. Na tena alikuwa na kilema kimoja ambacho mama mtu alimshukuru Mungu kwacho: hakuweza kudanganya bila kusafisha koo. *Khm*, halafu "sikuila mimi hiyo sukari." *Khm*, halafu "nilikuwa kwa jirani." Hata siku alipoposwa, alipoulizwa kama anampenda yule bwana, mama alitega sikio, akasikia koo jeupe, akabariki.

Sasa mtu fulani huko ng'ambo, mwenye ungo kama wake na kiapo kama chake, alikuwa akimpepetea koo.

"Habari njema?"

Msimamizi alikuwa nyuma yake. Alivaa viatu visivyolia; hujui amefika mpaka usikie marashi yake.

"Njema. Anasema yuko salama, nisiende."

"Msikilize basi. Watoto wa siku hizi wana akili." Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa mikononi mwa Mama Ungo, kama vile chungu kingeweza kutoa mguu kikakimbia. "Na sisi hapa bila wewe tutapepetewa na nani?"

Akapita. Mama Ungo alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa ukumbi. Hakuwa amemwambia msimamizi kwamba anafikiria kusafiri. Hakuwa amemwambia mtu yeyote ila mwindaji, na shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyelisha tanuri. Jengo lile zamani lilikuwa benki, na tanuri liliwekwa ndani ya chumba kilichohifadhi fedha, chenye mlango wa chuma mnene kama godoro. Wapita njia waliosikia mlio waliambiwa ni upepo kwenye dohani. Mama Ungo alipousukuma mlango, alimkuta shemeji yake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, masikio yamezibwa kwa nta, anakula kiporo.

"Shemeji!" alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Umekuja kunipikia au kunipekua?"

"Nikupikie nini, na moto wote huu unaukalia wewe? Toa nta."

Akatoa upande mmoja.

"Umemwambia msimamizi kwamba nataka kusafiri."

Shemeji akaangalia bakuli lake. "Aliniuliza. Nami sijui kudanganya wakubwa."

"Wadogo unawaweza. Magunia ya ng'ambo ni yapi?"

"Kwa nini?"

"Nimeuliza yapi. Sikuuliza kwa nini."

Shemeji alinyanyuka, akaenda kusimama mbele ya magunia matatu yaliyoegemea ukuta wa kulia. Hapo Mama Ungo akajua ni yapi. Akajua pia kwamba shemeji yake anakijua kilichomo.

"Ondoka hapo."

"Shemeji, uliapa."

"Niliapa. Na niliyeapa kwa jina lake yuko hapa, ananiona. Wewe usimsaidie."

Alipiga magoti. Fundo la Kampuni lilikuwa gumu, likamvunja ukucha. Midomo yake ilikuwa ikicheza; shemeji hakujua kama anaomba radhi au anaomba nguvu, na pengine hata mwenyewe hakujua. Fundo likalegea. Akaingiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko.

Mwanzoni palikuwa kimya. Kisha kiganja kikafanya kazi yake. Mzee asiyemjua akaguna ndani ya vidole vyake. Mwanamke akapiga mwayo. Mtu akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Alitoa mkono, akaingiza tena, akachota kwingine. Makapi ya mtu mmoja hushikana pamoja, kama nywele kwenye kitana, kwa hiyo hakuyatawanya, aliyapokea fungu kwa fungu, akisikiliza na kurudisha, kama mtu anayetafuta kiatu cha mwanawe mlangoni mwa msiba.

*Khm.*

Mkono ukasimama.

*Khm.* Halafu pumzi ndefu ya mtu aliyeuma nguo asisikike. Halafu *khm* tena, dogo, la haraka, la mtoto aliyeulizwa habari za sukari. Na nyuma yake kwikwi, ile ya kutoka tumboni, ambayo mama hahitaji kuambiwa ni ya nani.

Tanuri liliendelea kulia peke yake. Mama Ungo hakugeuka.

"Ulikuwa umemsikia."

Shemeji alikuwa ameshika donge la nta, analiviringisha, analiviringisha. "Tangu mvua za kwanza."

"Ukamtia motoni."

"Nikamtia motoni, nikaziba masikio. Ulitaka nifanyeje? Ningekwambia, ungekwenda. Majivu yamemla kaka, yangekula na wewe. Nimebaki na nani mimi katika mji huu? Na ndoo?"

Alitaka kumpiga. Alimtazama vizuri, nyusi zilizoungua, kiporo cha jana, nta iliyoacha alama shingoni, akaona hata mahali pa kupiga hapapo.

"Ungeniachia niamue mwenyewe," alisema.

Alichagua kapi moja tu, lile dogo la koo. Akalifunga kwenye pindo la nguo yake, kiunoni, penye joto. Mengine aliyarudisha guniani na kulifunga kwa fundo lake mwenyewe, la kufungia mchele.

Alipofika mlangoni, shemeji alisema, "Mwambie kwamba baba yake mdogo alimsikia."

"Nitamwambia yote," alijibu.

Ukumbini wapepetaji wenzake wawili walikuwa kazini. Alichukua chungu, akageukia ukuta, akakiinamia. Alikusudia kusema maneno mawili tu, mwanangu nakuja. Aliyasema. Lakini katikati ya hayo mawili kuna kitu kilimtoka ambacho hakukikaribisha, kirefu, chenye maji, kitu alichokikalia tangu walipomletea viatu vya mumewe bila mumewe. Kikajaa chunguni. Alifuta uso kwa kiganja, akanyanyuka, akaupita ungo wake ulipotundikwa, akaelekea kwenye jiwe.

Marashi yakamfikia kabla ya sauti.

"Mama Ungo. Umesahau ungo."

"Sijausahau."

"Hujapepeta."

"Sijapepeta."

Nyungo za wenzake zilinyamaza. Mmoja alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mama Ungo alisema jina la Mungu, akainamisha chungu, na kila kitu kikamwagika juu ya jiwe la bluu: punje na pumba, maneno na maji yake.

Jiwe likatetemeka, kama linavyotetemeka siku zote. Likawaka, likanyonya. Kilio kikazama ndani yake sawasawa na maneno, kama chumvi kwenye uji, na uso wa jiwe ukabaki laini, bila hata ufa wa unywele.

"Litapasuka!" alisema msimamizi. "Utatuua sote, litapasuka!"

Lakini hakuwa akilitazama jiwe. Alikuwa akitazama mkeka, pale ambapo makapi ya tanuri yangepaswa kuwa, kama mtu anavyofunua sufuria akakuta wenzake wameshakula.

"Litazame basi," Mama Ungo alisema kwa upole.

Hakulitazama. Na wale wapepetaji wawili wakamwona asivyolitazama.

"Kesho tutaongea ofisini," alisema msimamizi.

"Mungu akipenda."

Akautungua ungo wake. Ulikuwa mali yake, alikuja nao mwenyewe siku ya kwanza. Nyuma yake, alipokuwa akishuka ngazi, alisikia ungo mmoja ukianza kurushwa tena, pole pole. Wa pili hakuusikia.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Langoni punda walikuwa wamepangwa, nyuso zimefungwa vitambaa kwa ajili ya majivu, na mwindaji alikuwa akikaza kamba za mizigo na kucheka na kila mtu.

"Mama! Huyu hapa wa mwisho. Mpole kama mke wangu." Akafikiri kidogo. "Hapana, mke wangu si mpole. Mpole tu."

Kwa mara ya kwanza Mama Ungo alimtazama machoni. Kicheko cha mwindaji kilipungua, kikabaki tabasamu la kawaida, lililochoka. Alimshika mkono, akampandisha, akamtundikia ungo ubavuni mwa tandiko.

Mlinzi wa Kampuni alipita akikagua wasafiri. Alikuwa kijana mwenye ndevu za kwanza kwanza, na alimjua Mama Ungo, aliyewahi kumpepetea ujumbe kwa mama yake.

"Mama Ungo? Nawe unakwenda? Kampuni inajua?"

"Naenda kumwona mwanangu tu."

"Kuna amri kuhusu mpepetaji kutoka nje ya lango. Lazima nikuulize." Aliona aibu, akatazama kwato za punda. "Utarudi kazini?"

Mama Ungo alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, pale kiunoni, ndani ya pindo lililopata joto la mwili wake, kitu kidogo kikasafisha koo.

*Khm.*

"Nitarudi, mwanangu," alisema. "Niende wapi tena mimi?"

Kijana akamwangalia. Upepo wa majivu ulikuwa umeshaanza kupita chini ya lango.

"Pole na kikohozi, mama," alisema.

"Ahsante. Ni vumbi."

Lango likavutwa. Punda wa mwisho akapiga hatua, na Mama Ungo akaweka kiganja juu ya pindo, akakiacha hapo, ili lile kapi lisipoe njiani.